Laptopu nzito na ujumbe usioeleweka: uformate, uongeze RAM, uweke SSD au utafute nyingine?

Jumamosi moja ya kiangazi, vumbi jekundu likipenya hadi chini ya mlango, laptopu mbili zilikaa bega kwa bega juu ya meza ya sekretaria yangu (ofisi ya kuchapa kazi za watu) hapa Kamalondo, Lubumbashi. Moja ilikuwa ya mama mwalimu wa shule ya msingi: nene, nzito mkononi, plastiki imepauka pale viganja vinapolala. Nyingine ya kijana wa chuo kikuu, nyembamba kama daftari, bado ina kibandiko cha dukani. Malalamiko yalifanana: mashine ni nzito, inakawia. Mama alisema, "Mwanangu, nikiiwasha ninaweza kwenda kuteka maji, nikirudi bado inazunguka." Kijana hakuwa na maneno mengi: "Mukubwa, formata tu, iko na virusi."

Kwa macho ungesema ile mpya ndiyo yenye tumaini. Ilikuwa kinyume kabisa, na sababu zake ndizo zitakazokusaidia kuchagua ukiwa na mashine yako mwenyewe mkononi.

Kuformata, yaani kufuta diski yote na kuweka Windows upya, kumekuwa parasetamoli ya mtaani. Uwe na homa, uwe na jino, uwe umevunjika mguu, dawa ni hiyo hiyo. Simlaumu fundi, kwa sababu ni kazi ya saa mbili, mteja anaona skrini safi, analipa, anaondoka akiwa na furaha. Tatizo ni kwamba furaha hiyo mara nyingi haimalizi mwezi.

Dakika kumi za bure

Kabla hujatoa hata franka moja, washa mashine, ingia, kisha uiache dakika kumi bila kugusa kitu. Windows ikiamka ina kazi zake nyingi za pembeni, na ukiipima mapema utaionea. Baada ya hapo bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ordi (kompyuta) zetu nyingi zina Windows ya Kifaransa, kwa hiyo kitakachofunguka kinaitwa Gestionnaire des tâches. Kikija kidogo, bonyeza « Plus de détails ». Juu utaona nguzo zenye asilimia: Processeur, Mémoire, Disque, Réseau.

Nguzo ya Disque ikikaa kwenye 100 % hali hujafungua kitu, na kasi inayosomeka ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, mgonjwa umemwona. Ni kama karani anayekimbia kutoka kabati hadi kabati siku nzima, na kila akirudi mkononi ana karatasi moja. Mémoire ikiwa 85 % au 90 % wakati umefungua kivinjari na Word tu, RAM (kumbukumbu inayoshika kazi ulizofungua) ndiyo haitoshi. Processeur ikiwa juu muda wote na feni inalia, tafuta joto, vumbi au programu iliyojificha. Bonyeza kichwa cha nguzo ili anayekula zaidi apande juu, jina lake utalisoma hapo hapo.

Ya mama ilikuwa Disque 100 %. Ya kijana ilikuwa Mémoire 88 %, na diski imejaa hadi ukingoni, nafasi iliyobaki haifiki GB 2.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: ukizima Windows 10 au 11 kwa « Arrêter », kwa kawaida haizimiki yote. Kuna kitu kinaitwa démarrage rapide kinachohifadhi sehemu ya mfumo ili kesho iwake upesi. Kwa hiyo mtu anayesema "naizima kila siku" anaweza kuwa hajaianzisha upya kwa wiki tatu. Bonyeza « Redémarrer » angalau mara moja, ndipo upime.

Ujumbe umetokea lini?

Watu huniletea picha ya ujumbe kwenye simu na kuuliza maana yake. Swali langu la kwanza ni hili: ulitokea kabla ya alama ya Windows, au baada ya kuona picha ya mezani? Maana unaweza kuisoma baadaye, ila saa yenyewe inakuambia kama uhofu au usihofu.

Ujumbe wa kabla, ule wa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, kwa Kiingereza hata kama Windows yako ni ya Kifaransa, haujaandikwa na Windows. Umeandikwa na ubao mama, na ubao mama hauna desturi ya kuongea ovyo. Mama mwalimu alikuwa na ujumbe wa aina hiyo kila asubuhi: « S.M.A.R.T. Status Bad, Backup and Replace. Press F1 to Resume ». Kuna mtu alimwambia abonyeze F1, basi. Akabonyeza F1 miezi miwili. Hakuna aliyemwambia kwamba diski hujipima yenyewe, na kwamba maneno yale yalikuwa diski inaaga. Bulletini (ripoti za alama) za darasa zima za mihula miwili zilikuwa humo, na nakala hazikuwa popote.

Mashine ikikuonyesha SMART, usiiformate, usiisafishe, usiipe chkdsk (ukaguzi wa diski wa Windows) ya usiku kucha. Toa kwanza faili zako. Kila saa diski ile inayozunguka ni saa unayoila kwenye akiba.

« Reboot and select proper boot device » au « No bootable device » inatisha zaidi, lakini mara nyingine ni mzaha mtupu: kuna flashi imesahauliwa kwenye tundu, na mashine inajaribu kuwaka kutoka humo. Chomoa, washa tena. Ikiendelea, huenda diski imelegea kwenye kiunganishi au imekufa. Ukiingia kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) na jina la diski halimo kwenye orodha, hakuna programu itakayoirudisha.

Mashine ikilalamika kuhusu CMOS (kumbukumbu ndogo ya saa na mipangilio), na saa imerudi nyuma miaka kadhaa, ni ile betri ya duara iliyo kwenye ubao mama, CR2032 ya volti 3, sawa na inayowekwa kwenye vifaa vingi vidogo. Kwenye kompyuta ya mezani unaibadilisha kwa kucha. Usidharau tarehe mbaya: kivinjari kitakataa kufungua tovuti karibu zote kikidai si salama, na utadhani intaneti ndiyo mbovu. Nimemwona mtu amenunua bando mara mbili kwa ajili ya betri hiyo.

Na kuna huu wa laptopu za Dell ambao huwachanganya hata mafundi: « The AC power adapter wattage and type cannot be determined ». Chaja nyingi za Dell zina sindano nyembamba katikati ya kichwa, na kupitia hiyo chaja hujitambulisha. Ukiweka chaja ya kuiga, au sindano ikipinda, mashine haijui imeletewa nani, kwa hiyo inaacha kuchaji betri na kupunguza kasi ya prosesa kwa tahadhari. Hapo una laptopu nzito, ujumbe wa ajabu, na dawa yake ni chaja. Ungeiformata mara kumi isingesogea.

Sasa ujumbe wa baada. Picha ya mezani imeshatokea, kisha kidirisha kinaruka, mara nyingi kwa Kifaransa. Hapa mapigo ya moyo yatulie. Kijana wetu alikuwa na kidirisha chenye kichwa « Windows Script Host », kikisema faili fulani yenye jina la herufi zisizo na mpango, inayoishia na .vbs, haipatikani. Ndicho alichokiita virusi. Ukweli ni kwamba virusi alikuwepo, ameshakufa: ni yule wa flashi anayegeuza folda zako kuwa raccourcis (njia za mkato). Antivirusi ilifuta faili lake, lakini ikasahau amri iliyowekwa kwenye orodha ya kuanza. Kila asubuhi Windows inamwita marehemu kwa jina, marehemu haitiki, Windows inakuarifu. Ni hivyo hivyo kwa « Le module spécifié est introuvable » yenye kichwa RunDLL.

Dawa yake ni dakika tano. Kwenye Gestionnaire des tâches fungua ukurasa wa Démarrage, tafuta jina lile, bonyeza kitufe cha kulia, « Désactiver ». Lisipoonekana hapo, programu ndogo ya bure ya Microsoft iitwayo Autoruns inaonyesha kila pembe ambako kitu kinaweza kujificha, na vile visivyo na faili huviwekea rangi ya njano. Ondoa alama ya tiki tu, usifute, mpaka uhakikishe.

Ikisema « VCRUNTIME140.dll est introuvable » au MSVCP140, si virusi wala si Windows kuharibika. Programu moja inataka kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++ Redistributable. Kichukue kwa Microsoft wenyewe. Zile tovuti zinazokupa faili moja moja za .dll ziache, humo ndimo watu huokota tatizo la pili wakati wanatafuta dawa ya la kwanza.

Baada ya umeme kukatika ghafla unaweza kukuta « Analyse et réparation du lecteur » na asilimia zinazotambaa. Iache imalize, hata kama ni saa nzima. Kuizima katikati ndiko kunakogeuza mkwaruzo kuwa kidonda. Na kama laptopu yako inaishi kwenye waya kwa sababu betri ilishakufa, jua kwamba kila kukatika kwa umeme ni kuzimwa kwa rungu. Betri mpya nayo ni sehemu ya matengenezo.

Kusafisha au kuformata

Kusafisha ni kuzima programu za kuanza, kufungua Nettoyage de disque, kuondoa antivirusi ya pili, maana mbili zikikaa pamoja hugombana na kukuangukia wewe, na kuitoa ile programu iliyoahidi kuongeza kasi ya kompyuta. Hizo za kuongeza kasi sijaona hata moja iliyozidi faida ya kuiondoa. Jumla ni nusu saa na haili bando.

Kuformata kunashinda pale tu ambapo Windows yenyewe imeoza: virusi aliye hai bado, masasisho yanayokwama kila mara, Windows ya wizi iliyowekwa pamoja na kichokonozi (programu ya kuvunja leseni) kilichotaka antivirusi izimwe kwanza. Hapo sibishi. Ila hesabu gharama yote: faili ya Windows inazidi GB 4, masasisho yatadai GB nyingine kadhaa, printa itatafutiwa draiva upya, na nywila zako zote za kivinjari je, unazikumbuka? Sisemi habari ya mwanafunzi aliyepoteza TFC (kazi yake ya kuhitimu) kwa sababu fundi aliuliza "kuna kitu cha maana?" naye akajibu "hakuna" akifikiria filamu.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulishike zaidi ya mengine. Kama umeshaamua Windows iwekwe upya, na mashine bado ina diski inayozunguka, usiiweke kwenye diski ile ile. Nunua SSD (diski isiyozunguka), weka Windows mpya humo, na diski ya zamani uitoe jinsi ilivyo bila kufuta kitu. Kazi ya fundi ni ile ile, muda ni ule ule, lakini mwishoni una mashine yenye kasi na faili zako zote zimekaa pembeni salama. Kuformata diski ya zamani ni kulipia kazi nzima na kuchukua nusu yake.

RAM au SSD?

Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na juu yake kuna mkono mdogo unaoruka kutafuta kila kipande cha faili. Windows inapoamka inadai vipande maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika. SSD haina mkono wala sahani. Kwa faili moja kubwa, diski ya zamani husoma karibu MB 100 kwa sekunde na SSD ya SATA karibu 500, hiyo ni mara tano. Ila kwa vipande vidogo, ambavyo ndivyo chakula cha Windows, tofauti huenda mara mia na kuzidi. Kwa hiyo mtu mwenye RAM ya GB 4 na diski inayozunguka akiniuliza aanze na kipi, namwambia SSD, bila kupepesa.

RAM ina zamu yake: GB 4 ni nyembamba kwa kivinjari cha leo, GB 8 inatosha nyumbani. Lakini kabla ya kununua tazama mambo matatu. Moja, kwenye Informations système, kama imeandikwa « Système d'exploitation 32 bits », RAM inayozidi GB 4 haitatumika hata uijaze kikapu. Mbili, DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, pengo lake limekaa pengine. Na kwenye laptopu za kizazi cha 4 cha Intel tafuta iliyoandikwa DDR3L au PC3L, ile ya volti 1.35. Tatu, fungua mfuniko uone kama kuna tundu lenyewe. Laptopu nyembamba nyingi RAM imeunganishwa kwa risasi kwenye ubao.

Hapo ndipo kijana alipokwama. Tulifungua mgongo wa ile mpya: prosesa ni Celeron, RAM GB 4 imeunganishwa, na hifadhi ni GB 64 iliyounganishwa vile vile. Hakuna cha kutoa, hakuna cha kuweka. Mama mwalimu, kwenye lile lidude lake nene, skrubu mbili zilitosha: diski hii hapa, na RAM matundu mawili, GB 8 tayari. Kadiri inavyopendeza mkononi ndivyo inavyofungika tumboni.

Ukifungua usisahau feni. Vumbi letu la kiangazi hutengeneza blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba, prosesa inapata joto na kujipunguza mwendo yenyewe. Brashi laini na pumzi ya pampu vinatosha. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Na mashine isiyotoa picha ila inapiga milio tu, kabla ya kulia, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe hadi ibane. Mara ngapi imeamka hivyo mbele ya mwenyewe ameshaanza kuiombea.

Kwa anayetaka kuona yote kwa jicho moja:

| Njia | Inaponya | Haigusi | Faili zako |
|---|---|---|---|
| Kusafisha | Kuanza kwa kuchelewa, vidirisha vya marehemu | Diski inayokufa, RAM ndogo | Zinabaki |
| Kuformata diski ile ile | Windows iliyooza, virusi hai | Uzee wa diski | Zinafutwa |
| RAM zaidi | Kukwama ukiwa umefungua mengi | Kuwaka polepole, SMART | Zinabaki |
| SSD | Karibu kila uzito wa mashine yenye diski inayozunguka | Joto, chaja, RAM ya GB 2 | Zinabaki kwenye diski ya zamani |
| Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) | Mashine dhaifu, Windows isiyolindwa | Programu zinazotaka Windows | Zinafutwa usiponakili |

Kwenye SSD jihadhari na kitu kimoja sokoni: uwezo wa uongo. Kuna SSD na flashi zinazojitambulisha kama GB 512 na ndani zina sehemu ndogo tu. Unaandika, inapokea, ukirudi kusoma hakuna kitu. Programu ya bure H2testw huijaza hadi mwisho kisha kuisoma yote. Ifanye siku ya kwanza, risiti ikiwa bado mfukoni. Kwa nyumbani GB 240 au 256 ya jina linalojulikana ni bora kuliko TB 1 ya jina ulilolisikia leo.

Windows 10, 11 au Linux

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika siku hiyo, inaendelea kufanya kazi, ila mashimo mapya ya usalama hayazibwi. Mtu binafsi mwenye toleo la 22H2 anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo inachagua: inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu kwa kawaida, TPM 2.0 (kijenzi cha usalama), RAM GB 4 na hifadhi GB 64. Kuna njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine ya zamani. Nimezijaribu na simshauri mtu ambaye hatakuwa na wa kumwita siku sasisho likigoma.

Linux Mint, toleo la Xfce, ni shati lililoshonwa kwa mashine kama ya kijana. Inaridhika na RAM GB 4, na toleo la 22 lina huduma hadi 2029. Faili yake ni karibu GB 3, unaiweka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski yako: kama Wi-Fi, sauti na printa vinaitika, ndipo uamue. Virusi wa raccourcis hawezi kuiathiri, kwa maana ameandikwa kwa ajili ya Windows.

Kasoro yake ninaiona kila siku hapa sekretaria. Mwanafunzi anaandika kwa LibreOffice (programu ya bure inayofanana na Word), analeta faili ya .docx, nikiifungua kwenye Word jedwali la yaliyomo limehama kurasa mbili na vichwa vimeshuka. Kama anayekusimamia anataka Word na anasahihisha ndani yake, utateseka. Ukipeleka PDF, hakuna shida.

Kutengeneza au okazioni (mashine iliyotumika) nyingine

Mtu akishauriwa SSD hufikiri, "Si bora niongeze kidogo ninunue nyingine?" Wakati mwingine ni kweli. Skrini imepasuka, bawaba zimekatika, betri imekufa na RAM ni ya kuunganishwa: jumlisha hayo, okazioni inashinda. Lakini okazioni nyingi za sokoni zitakuja na tatizo lile lile ulilolikimbia, diski ya zamani inayozunguka, na hujui historia yake.

Ukienda kununua, usibabaishwe na kibandiko cha i7. Soma namba iliyo baada ya kistari. i7-2620M ni kizazi cha 2. I5-8250U ni cha 8. I3-10110U ni cha 10. Hiyo i3 itakubali Windows 11, i7 ile haitakubali, na muuzaji anajua unaangalia herufi tu. Ingia kwenye BIOS uone kama haina nywila ya kampuni iliyoitupa. Fungua CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi yako: buluu ni nzima, njano anza kujadili bei, nyekundu rudisha juu ya meza. Chomoa chaja uone betri inashika dakika ngapi. Na bonyeza kila kitufe. Wengi tumezoea AZERTY, na ya QWERTY utaishi nayo ukitafuta herufi A kwa miezi.

Kwa mama niliichomoa diski ile ile siku hiyo, nikaiunganisha kwa waya wa USB kwenye mashine yangu, tukanakili folda ya bulletini kwanza kabla ya picha za harusi. Faili tatu ziligoma, diski ikilia tik, tik, tik kama saa ya ukutani. Nyingine zote zilitoka. SSD ya GB 240 iliingia pale pale, Windows 10 juu yake, nikamwandikisha kwa masasisho hadi Oktoba 2026 na kumwambia wazi kwamba baada ya hapo tutakaa tena mezani. Nilipima kwa simu: kutoka kidole kwenye kitufe hadi Word kufunguka, zamani dakika sita na ushei, sasa sekunde 31. Akaizima, akaiwasha tena mwenyewe, kuhakikisha kwamba sikufanya kiinimacho.

Kijana alitaka Windows ibaki hadi atetee TFC yake. Tulizima marehemu wa .vbs, tukatoa michezo na video hadi GB 20 zikawa wazi, tukamwachia kivinjari kimoja. Ni nafuu ya kutembea, si ya kukimbia. Flashi ya Mint niliiweka kwenye droo, nikaandika jina lake juu ya kibandiko. Diski ya mama nayo imo humo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni wenye maandishi ya kalamu nyekundu: USIWEKE KITU HUMU.